Jina Alilolibeba Shoga Yangu

Mimi sikuumbwa na kunyamaza. Mama alizoea kusema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Ndiyo maana mwaka ule watu wa Mitole walipoanza kunong'onezana, mimi peke yangu niliachwa nje, na haki ya Mungu wakati huo sikujua kwa nini.

Kwanza alibadilika mume wangu. Alikuwa akirudi kutoka shamba la pamba la Wadachi, mgongo umevimba kwa viboko, ananisalimu vizuri, kisha anatandika mkeka wake barazani. Kitandani hapandi. Kunde nikimpikia, anasema hana hamu. Siku za mwanzo nikadhani ni uchovu. Baadaye nikaanza kuinusa shuka yake. Nilikuwa sikai! Nashika ufagio, nauacha, nakwenda kisimani bila mtungi, narudi. Anakula kwa nani? Kumuuliza nikashindwa. Mimi niliyejibizana na manyapara, jibu la mume wangu nililiogopa.

Shambani nilivuna mstari mmoja na shoga yangu, mjane niliyechezwa naye unyago pamoja. Tulikuwa tukigawana hata maji ya kunywa. Siku hizo nikawa namwona na mume wangu mwisho wa mistari, vichwa vimekaribiana. Nikisogea, kimya. Mume wangu anakohoa, shoga yangu anachuma mche ambao hauna kitu. Nikajisemea, kumbe!

Asubuhi moja nikawakuta tena. Damu ikanipanda. Nikakitupa kikapu, pamba ikamwagika vumbini.

"Shoga, mnanong'ona nini na mume wangu kila siku? Semeni kwa sauti, watu wote wasikie!"

Watu wote walisikia. Nyapara naye alisikia. Akaja mbio na kiboko chake, askari nyuma. Mwezi ule manyapara walikuwa wameagizwa kuwakamata wanaonong'ona, na mimi mwenye hasira zangu nilikuwa sijui. Hakuniuliza mimi. Alimwinua shoga yangu kidevu kwa ncha ya kiboko.

"Haya, mnanong'ona nini?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amepauka kama majivu. Huo haukuwa uso wa mwanamume aliyefumaniwa, ulikuwa uso wa mtu aliyeiona kamba ya kunyongwa.

Shoga yangu akainamisha macho, akawa anachezea pindo la kaniki yake.

"Ananitaka, bwana," akasema. "Na mimi nimemkubali. Mkewe amesema kweli."

Nyapara akacheka mpaka akajishika kiuno. Wanawake wakamzomea shoga yangu, mmoja akamtemea mate. Yeye na mume wangu walichapwa viboko kwa kuchelewesha kazi, na mimi nikaambiwa niokote pamba yangu. Niliiokota huku nikimtazama shoga yangu. Nilimjua yule mwanamke tangu utotoni, na kila alipodanganya alichezea nguo.

Nyumbani sikungoja hata mume wangu aketi.

"Niambie," nikasema. "Hata kama ni la kuniua, niambie."

Akafunga mlango, mchana kweupe, akaniambia. Amekunywa ile dawa ya maji inayosemwa itaigeuza risasi ya Mdachi iwe maji. Aliyeinywa ana miiko: asilale na mke, asile kunde, mpaka vita viishe. Habari alikuwa akiletewa na shoga yangu kutoka kwa kaka zake wa Likawage. Mjane akienda kwao, nani atamshuku?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa mdomo huo?"

Nikalia kwa hasira. "Ungesema tu, mke wangu, nina mwiko, usiniulize. Ningenyamaza!"

"Ungenyamaza?"

Nikafikiri kidogo. "Ningejaribu."

Akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Na wewe ungeniuliza mimi kabla ya kuliuliza shamba zima."

Nikamwambia wazi kwamba hayo maji siyaamini. Akasema hata yeye hana hakika nayo, ila mgongo wake umechoka. Siku zilizobaki tulizungumza, yeye mkekani, mimi kwenye kigoda, hata kuguswa mkono hakuna. Tangu anioe hatukuwahi kuzungumza vile. Kisha pamba ikang'olewa, ndiyo ishara ya vita, akaenda na wenzake, wala hakurudi. Risasi zilikuwa risasi.

Kwa shoga yangu nilikuwa nimekwenda kesho yake tu baada ya kile kisa, nikapiga magoti. Akaniinua.

"Usiniombe radhi mbele za watu," akasema. "Ukiniomba, watajiuliza tulikuwa tukinong'ona nini. Acha waniite mwizi wa waume."

Wakamwita. Kisimani wanawake walisukuma mtungi wake pembeni, nami nimesimama pale pale, mdomo wangu huu nimeufumba. Vita vilipokwisha, askari bado walikuwa wakiwatafuta waliopeleka habari za dawa, na kaka zake walikuwa mafichoni. Nikazidi kuufumba. Niliumia, jamani, sikufichi. Kisha ikaja njaa, ikamchukua. Wanawake wakakataa kumwosha. Nilimwosha mimi, na wakanisifu kwa roho nzuri, kwamba namwosha aliyenivunjia nyumba. Nikazipokea sifa hizo kimya, huku nikiona aibu.

Wadachi wamekwenda zao siku nyingi. Kaka zake wamekufa kwa uzee, hakuna tena wa kunyongwa. Kwa hiyo nasema kwa sauti, watu wote wasikie: yule mwanamke hakunichukulia mume.