Maswali Matatu ya Bibi

Juzi mke wa mjukuu wangu alinipigia simu kutoka wodi ya wazazi hapa Kisumu. Mtoto alikuwa na siku tatu na bado hana jina. Walikuwa wamependa Dilan, jina la watu wa Wales, kwa kuwa mtandao unasema maana yake ni mwana wa wimbi. "Babu, ni kweli ama ni story tu?" Nilimwambia nitampigia baadaye. Maana ya jina isiyo na mwenye jina siipokei upesi, na jina hili nilikuwa nikilijua kuliko alivyodhani.

Liliingia kwetu nikiwa na miaka tisa, nami ndiye niliyelipitisha mlangoni kwa uongo.

Tulikaa Kaloleni ya hapa Kisumu, katika vyumba viwili vya halmashauri. Mdogo wangu alizaliwa, akalia siku tatu mfululizo, akakataa kunyonya. Kwetu ilisadikiwa kwamba mtoto wa namna hiyo anatakwa na marehemu fulani. Basi huitiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi anyamaze. Bibi alishuka basi kutoka ufukweni mwa ziwa na kapu la samaki waliokaushwa kwa moshi, akaketi kando ya mama, akaanza kuita. Aliita jina la babu. Akaita la shangazi yake baba. Akaita la pacha wake mwenyewe aliyekufa mdogo. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, imebaki mkwaruzo tu. Nilitumwa bombani mara tatu, na kila niliporudi na ndoo niliogopa kukuta kimya, kwa sababu kimya kingeweza kuwa na maana mbili.

Baba, karani wa reli, alikuwa amekwisha kumwahidi mwalimu wangu wa misheni, mama mmoja wa Wales, kwamba mtoto atabatizwa kwa jina la kwao. Mchana huo alikuja naye. Bibi hakufoka. Alisema ana maswali matatu tu. Baba hakutaka kusimama kati ya mama yake na mgeni, akanisukuma mbele nifasiri.

Jina ni la nani? Mwalimu alijibu kwa uangalifu, kama alivyofundisha. Ni la mtu wa masimulizi ya kale. Wajuzi hulihusisha na maji yanayojaa, na hilo la mwana wa wimbi ni lakabu aliyoongezewa. Siku aliyobatizwa alikimbilia baharini, akaogelea kama samaki, na hakuna wimbi lililopata kuvunjika chini yake. Nilifasiri yote. Bibi, mtu wa ufukweni, aliridhika.

Alikufaje? Mwalimu alisita, lakini hakuwa mtu wa kuficha. Aliuawa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, kwa pigo moja la nuksi.

Mjomba wetu, mvuvi, alikuwa ameketi pale mlangoni akishona wavu. Mama alinitazama. Mtoto akatoa mkwaruzo mwingine.

"Alikufa mzee," nikasema, "kitandani kwake."

"Aliona wajukuu?"

"Aliwaona."

Baba, aliyesikia lugha zote mbili, aligeukia dirisha. Bibi akainama, akaliita jina hilo sikioni mwa mtoto. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Majirani walisema marehemu wa Wales amekubali. Mimi nasema alichoka. Ushahidi wa zaidi sikuuona.

Lakini woga hauhitaji ushahidi. Kwa miaka mingi, kila mara Mjomba alipokuja kumchukua mdogo wangu amfundishe kuogelea, nilijitia homa, nilizua ugomvi, na safari moja nilificha kasia chini ya kitanda. "Huyu polisi," Mjomba alisema, "hata kasia amelitia seli." Watu wakacheka. Safari iliyofuata hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, mikono yake ikinuka samaki, akauliza, "Baba, kwani mimi nimekukosea nini?"

Hakuja tena kumchukua, naye alikufa bila kujibiwa.

Mdogo wangu, mtoto wa ziwani, hakujua kuogelea maisha yake yote. Alihamia Muhoroni, akalima miwa. Nilimweleza ukweli tukiwa wazee tayari. Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe Mjomba alitaka tu nijue maji," akasema.

Alifariki mwaka jana, kitandani kwake, wajukuu wamejaa sebuleni na trekta za miwa zikipita barabarani. Vijana walimwita Babu wa Muhoroni tu. Ndiyo maana mke wa mjukuu wangu hakujua jina lake. Siku hizi hakuna anayeketi kando ya kitanda akiita majina, wala anayeuliza mwenye jina alikufaje.

Nilimpigia tena. Nilimwambia jina lina mwenyewe, ndugu yangu; kwamba alikufa mzee, kitandani; kwamba aliona wajukuu. Nikamwagiza aliite sikioni mwa mtoto, nikakata simu.

Anadai mtoto alinyamaza papo hapo. Sikuwapo, kwa hiyo sithibitishi. Ninayothibitisha ni yale majibu matatu.