Kilo Ishirini na Moja kwa Wiki Saba

Saa moja na nusu asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na nne, mwanamume mmoja amepiga goti anakagua fundo. Analivuta, analigeuza, analivuta tena. Ng'ambo ya ukingo, miguu ikiwa hewani, mdogo wa mkewe anasubiri kuteremka na ndoo yake ya maji ya sabuni.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Nimeuliza umekula."

Kamba inaanza kuteremka taratibu.

Huyu wa paani wenzake wanamwita Tani. Jina alilipata siku yake ya kwanza kazini, miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu ya mwili wake. Leo suruali yake ya kazi imekunjwa kiunoni na kufungwa kwa kipande cha kamba, lakini jina halijapungua hata gramu moja. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya maghorofa akiwa ananing'inia. Sasa anakaa paani na kushika kamba ya ishara. Aliye chini akivuta mara mbili, yuko salama. Akivuta mara moja, kuna shida. Malipo ya kukaa paani ni nusu ya malipo ya kuteremka.

Mara kwa mara kiganja chake kinakwenda chini ya mbavu za kulia na kukaa hapo. "Ukiniona nimenyamaza ghafla, usinisemeshe," anasema. "Subiri ipite."

Yote yalianza na kitambaa cheupe kisichozidi upana wa vidole viwili. Mwaka jana kampuni ilinunua mikanda mipya ya usalama, na kila mkanda ulishonewa kitambaa hicho kilichoandikwa: mwisho kilo mia moja na kumi, mtu pamoja na vifaa. Ndoo ya maji na vifaa ni kilo kumi na mbili. Tani peke yake alikuwa na mia moja kumi na saba. Msimamizi wa usalama akatangaza kwamba kila tarehe mosi watu watapimwa juu ya paa, kwenye mizani ya ndoano, na atakayezidi hateremki.

"Unatundikwa kama gunia, na ndoo yako mkononi," Tani anasimulia, akicheka kidogo. "Halafu wenzako wanasoma namba kwa sauti."

Alipewa miezi miwili. Rafiki yake alimtumia kwenye simu orodha ya vyakula vya kupunguza uzito: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana matango mawili na ute wa yai, jioni kabichi ya kuchemsha bila tone la mafuta. Orodha ilikuwa ya siku tano. Tani aliifuata wiki saba.

"Nilikuwa naota mafuta," anasema. "Watu wanaota nyama. Mimi naota mafuta yanachemka kwenye kikaango."

Alipotundikwa tena alikuwa na kilo tisini na sita. Walimpigia makofi. Siku hiyohiyo akachukua kalamu nene, akainakili orodha kwenye kipande cha boksi na kuibandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na chini yake akaandika: kutoka 117 hadi 96. Alijiona ameokoa ajira za wenzake, na ukimsikiliza anavyolisimulia hilo unaona bado linamuuma kuliko ubavu.

Kesho yake mkewe alimpongeza kwa kumfungia kuku wa kukaanga wa kula kazini. Saa nane na nusu mchana huo, kwenye ghorofa ya nane, maumivu yakamkamata chini ya mbavu na kuzunguka mpaka kwenye bega la kulia. Alishindwa kunyooka. Ndani ya kioo palikuwa na dada mmoja wa ofisini.

"Akanipungia mkono, akatabasamu," anakumbuka. "Mimi huku natapikia ndoo niliyokuwa naoshea dirisha lake."

Shemeji yake, aliyekuwa kwenye kamba ya pili, ndiye aliyemsogelea na kushuka naye hadi chini.

Kama wengi, Tani alidhani ni vidonda vya tumbo. Alikunywa dawa za vidonda miezi miwili, na hakumwambia mtu kazini, akiogopa kuondolewa kwenye kamba. Maumivu yalimrudia mara ya pili, kisha ya tatu, na hiyo ya tatu ikamlaza hospitali. Alipopimwa kwa kile kipimo wanachopimwa wajawazito, mfuko wake wa nyongo ulikutwa umejaa mawe.

"Mtu akipungua haraka, ini humwaga kolestro nyingi kwenye nyongo," anaeleza daktari anayemtibu, mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. "Na ule mfuko hujikamua mtu anapokula, hasa chakula chenye mafuta. Huyu hakuwa na cha kuukamua. Nyongo ikakaa humo, ikawa nzito, ikafanya mawe."

Si kila anayepungua hupata mawe, anasema, lakini anayezidi kilo moja na nusu kwa wiki anaikaribisha hatari. Tani alikuwa anapoteza tatu. Ushauri wake ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kutoruka mlo, na kutoyafuta mafuta kabisa kwenye chakula.

Msimamizi wa usalama anasema hakumwambia mtu yeyote ajinyime chakula. Ni kweli. Hakuwaambia pia wafanye nini. Mikanda ya watu wenye uzito mkubwa ipo, anakiri, ila ombi la kuinunua limekaa mezani tangu mwezi wa tatu.

Tani alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja kulibandua lile boksi. Alichelewa. Kila mtu alikuwa ameshalipiga picha kwa simu yake. Watu wanne wanaifuata orodha ile sasa, na mmoja wao ni shemeji yake, aliyepewa muda hadi tarehe mosi, akaanza na kilo mia moja na tisa na kupoteza tisa kwa wiki tatu. Mizani ni baada ya siku nane.

"Mume wangu anasubiri kupasuliwa, na mdogo wangu anapita njia ileile," anasema mke wa Tani. "Nikimwambia ale, ananiambia dada, nikishapimwa nitakula."

Saa saba shemeji anapanda paani kupumzika. Tani anafungua bakuli: wali, maharage, mboga iliyoungwa kwa mafuta kidogo. Anagawa sehemu kwenye mfuniko na kuusukuma kwake.

"Shemeji, usinifanyie hivyo," kijana anasema. "Nimebakiza kilo mbili tu."

"Mgongo huku juu unauma?" Tani anamgusa bega la kulia.

Kijana anatazama pembeni. "Jana usiku kidogo. Nadhani ni kamba."

Tani anaacha mfuniko ulipo, na chakula kinapoa.

Kijana aliporudi kwenye kamba, Tani alinieleza mpango wake. Atapasuliwa tarehe kumi na mbili. Amemwomba daktari ampe mawe yake kwenye chupa, na daktari amekubali. Ataitundika chupa hiyo palepale ukutani penye alama za gundi.

"Orodha yangu waliiamini," anasema. "Basi wayaone na mawe."

Anahesabu kwa vidole, tarehe mosi mpaka kumi na mbili, na vidole vinamwishia. "Kwa shemeji yatakuwa yamechelewa. Kesho asubuhi nampeleka hospitali akapimwe, hata kama ni kwa kumburuta. Siku moja ya kazi si kitu."

Kamba mkononi mwake inatikisika. Anainama kusikiliza kwa kiganja, na hapumui mpaka mvuto wa pili unapofika.