Kwamba Niko Hai

Mama mkwe wangu alifariki Marekani bila kupanda ndege. Alifia ofisini kwa bosi wa mwanawe, Jumanne moja ya baridi, kwa sababu mwanawe alitaka siku tano za mapumziko na hakuona njia ya haraka zaidi ya kuzipata kuliko kufiwa na mama. Mama mwenyewe siku hiyo alikuwa shambani kwake Burnt Forest akipalilia viazi, presha juu na ulimi mzima.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwepo. Mume wangu alirudi nyumbani akanieleza msiba huo akicheka, nami nikacheka. Wiki hiyo hiyo wenzake wa pale ghalani anakofanya kazi wakaleta kadi kubwa ya rambirambi yenye maua meupe, juu majina yetu sote wawili na anwani yetu, chini sahihi za watu nisiowajua. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyejibu. Niliandika kwamba Mama alikuwa nguzo ya familia na kwamba tutamkosa sana. Siku tano hizo tulishinda kitandani tukitazama televisheni na kula mabawa ya kuku, na sikumbuki kama tulimtaja tena.

Ndoa ingedumu, uongo huo ungelala pale pale. Haikudumu. Nilikuwa nimeingia Marekani kwa kadi ya makazi ya miaka miwili, ile anayopewa mtu aliyeolewa na raia juzi juzi. Kabla ya miaka hiyo kwisha, mke na mume wanatakiwa kuomba pamoja ile kadi ya kudumu. Mume wangu alikuwa raia. Alipata bahati nasibu ya viza akiwa kijana, akaapishwa kule, kisha akarudi Eldoret Krismasi moja kutafuta mke. Ilipofika zamu yetu ya kuomba, alikuwa ameshapata mwanamke mwingine, na sahihi yake akaninyima. Tukaachana mahakamani. Sheria yao inamruhusu mtalaka kuomba peke yake, mradi athibitishe kwamba ndoa yenyewe ilikuwa ya kweli, si ya kununua karatasi. Akishindwa, kadi inafutwa na anaonyeshwa mlango.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo ya uuguzi. Na nilikuwa mtoto wa Langas niliyesindikizwa na kwaya nzima ya kanisa. Najua Langas wanavyompokea mtu aliyerudishwa, maana nami niliwahi kuwapokea wengine hivyo: tulisimama mlangoni kwa salonisti, tukamhesabia mwenzetu nguo alizorudi nazo. Sikuwa tayari kuhesabiwa. Ningefanya lolote.

Nilituma picha, nilituma mkataba wa nyumba, na nilituma ile kadi ya rambirambi. Wakili wangu wa kule aliipenda kuliko vyote. Alisema watu hutunga harusi, hutunga hata mahaba, lakini hakuna mtu anayetunga msiba. Nikamwacha aamini hivyo.

Baada ya miezi mingi barua ikaja: ushahidi hautoshi. Walitaka viapo vya watu walioiona ndoa tangu mwanzo, na hasa watu wa upande wa mume. Ndugu zake wote walikuwa wameshanifungia simu. Alibaki mtu mmoja tu aliyekaa nami chini ya paa moja, mwaka mmoja na miezi mitatu, nilipokuwa nangoja viza. Mtu huyo ndani ya faili langu alikuwa marehemu.

Ilibidi nimwambie wakili.  Akasema mama huyo aseme mwenyewe, kwa kiapo, kwamba yu hai na kwamba mwanawe alidanganya. Wakijigundulia wenyewe, alisema, watauliza ni kitu gani kingine nyumbani kwenu kilikuwa cha uongo. Nikakata tiketi ya kurudi nyumbani.

Sasa nimweleze mama huyu, nisije nikaonekana mimi peke yangu ndiye mbaya. Nilipoletwa kwake nikiwa bibi harusi, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akamuuliza mwanawe kama wasichana wa kwao wamekwisha. Sisi ni watu wa magharibi. Wao walitoka mkoa wa kati, wakanunua shamba Burnt Forest, wakachomewa nyumba mwaka ule wa vita vya uchaguzi, wakalala kwenye hema, wakarudi wakajenga tena juu ya msingi ule ule. Mimi sikuchoma nyumba ya mtu, nilikuwa shule ya msingi, lakini alinitazama kama niliyeshika kiberiti. Vyombo nilivyoosha aliviosha tena nikiona. Alifunua sufuria yangu mbele ya wageni wa kanisa akawauliza kama hicho ni chakula ama dawa ya ng'ombe. Kwenye makochi yake yenye vitambaa sikuruhusiwa kukaa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Jina langu hakulitamka hata siku moja. Kwa kuwa sikuwa na mtoto, hakupata jina la mtoto la kuniitia, basi nikawa "wewe." Wageni wakiuliza mimi ni nani, alisema, "Huyu anangoja ndege."

Siku viza ilipotoka, nilisimama uani na begi langu nikamwambia sitakanyaga tena pale, hata kuja kuzika mtu. Nilichagua maneno hayo kwa makusudi na nilifurahi yalipompata.

Nilimkuta kando ya barabara ya Nakuru, mahali pake pa siku zote, ameketi nyuma ya ndoo za viazi. Alikuwa amekonda. Aliniangalia nikishuka kwenye probox, akapanga upya kiazi kilichokuwa kimepangwa vizuri.

"Kumbe njia unaijua," akasema.

Nilimweleza kwamba tumeachana, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia, na kwamba nahitaji aape kuwa nilikuwa mke wa kweli. Habari ya kufa kwake niliiruka. Alisikiliza bila kunikatiza, na mteja aliyesimama akamfukuza kwa mkono. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: mwanawe ni mzima? Alikuwa na mwaka wa pili bila kusikia sauti yake. Namba aliyokuwa nayo, akipiga, alijibiwa na Mzungu. Nikamwambia mwanawe ni mzima, amenenepa. Ulikuwa ukweli, na niliona ukimuuma kuliko kama ningesema anaumwa.

Tukaingia ndani. Safari hii alinionyesha kochi. Nikatoa daftari na kalamu, nikaanza kumtafutia maneno: kwamba alinipokea kama binti yake, kwamba tulipendana.

"Futa hiyo," akasema. "Andika nilikuchukia."

Nikamwambia kwa upole wa bandia kwamba hilo haliwezi kunisaidia.

"Wewe umesoma na huelewi kitu. Mtu hachukii mke wa karatasi. Mke wa karatasi unamwekea chai, unamwambia karibu, unajua kesho ameenda. Wewe nilikuchukia juu nilijua umekuja kukaa."

 Alikuwa sahihi, na nilichukia kwamba ni yeye aliyekuwa sahihi. Basi akaanza kusema nami nikaandika. Hakuona haya hata kidogo. Alitaja vyombo, alitaja sufuria, alitaja kigoda, na alitaja mambo niliyokuwa nimeyasahau: kwamba siku moja nilimwaga maziwa ya jioni yote uani kwa hasira na yeye akanitukania mama yangu. Kila tusi alilikumbuka. Nilipodhani amemaliza, akaongeza kwamba kila Jumapili mwanawe alipiga simu akaniulizia kwanza mimi, halafu yeye. Siku nyingine alisahau kumuulizia kabisa. "Andika hiyo pia," akasema. Nikaandika, nikajifanya kalamu imegoma ili niinamishe uso, maana nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Kesho yake nilipeleka daftari kwenye saibaa moja, duka la kompyuta, karibu na mahakama ya Eldoret. Nilikaa na msichana wa kuchapa tukaligeuza lote kuwa la Kiingereza, kifungu kwa kifungu, kila kimoja kikianza na "kwamba" yao ile ya kisheria. Vikawa kumi. Cha kumi na moja nilikiongeza mwenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mama hasomi Kiingereza. Anasoma Biblia ya lugha yake, na hiyo kwa miwani ya kuazima. Na mawakili wa mtaa ule nawajua, nilifanya kazi ya ukarani huko kabla ya kuolewa: unaingia, mhuri unashuka, unatoka, wala wakili hainui macho. Angeapa kwamba yu hai bila kujua kwamba aliwahi kufa. Nilijiambia kwamba huko ndiko kumhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa akijua atakataa kutia kidole.

Bahati yangu mbaya, wakili wa siku hiyo alikuwa msichana aliyeapishwa juzi, bado anaiogopa sheria. Aliona kwamba Mama hajui Kiingereza, akasema sharti amsomee yote kwa Kiswahili, polepole, ndipo atie kidole. Nikasema tuna haraka. Akasema kiapo hakina haraka, akamvutia Mama kiti.

Alisoma. Kwamba yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu, Mama akaitikia. Kwamba nilikaa kwake mwaka mmoja na miezi mitatu. Kwamba alinichukia; hapo alisema, "Kabisa," wakili akakohoa. Nilikuwa nahesabu vifungu kwa vidole chini ya meza. Alipofika cha kumi na moja alikisoma kwanza kimoyomoyo, akanitazama, akamtazama Mama.

"Kwamba niko hai," akasoma, "na kwamba mwanangu alipowaambia waajiri wake huko Marekani kuwa nimefariki, haikuwa kweli."

Mama aliniangalia mimi, si wakili.

"Alisema nilikufa na nini?"

Ningeweza kusema sijui.

"Sukari," nikasema.

"Sina sukari. Nina presha." Akasogeza kiti. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, Mama. Nilijibu kadi yao ya pole."

"Ukaandika nini?"

"Kwamba ulikuwa nguzo ya familia."

"Nguzo," akasema. Wakili alimwambia taratibu kwamba halazimishwi, kwamba anaweza kwenda nyumbani akafikirie. Mama akauliza kama karatasi hiyo itasomwa na watu wa serikali ya huko. Akaambiwa ndiyo, itasomwa, itawekwa kwenye faili. Akamwomba wakili arudie hiyo ya mwisho. Wakili akarudia: kwamba niko hai. Mama akakunja mkono wa sweta, akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nje nilingoja anitukane. Ningeyapokea matusi yake, ningesema amen. Lakini alikuwa anafuta wino kwa pindo la leso, anasugua bila kuniangalia. Nilitaka kumwomba msamaha na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini niliona kile kiapo kimo ndani ya bahasha, kimeshapigwa mhuri, na nikajikuta nataka aondoke haraka kabla hajabadili nia. Nilimwitia gari.

Alipokuwa anapanda akasema, "Ukipata hiyo kadi, nipigie. Nijue kama walisoma. Na huyo ukimwona, mwambie si sukari."

Walisoma. Kadi ilifika baada ya miezi minane, ya miaka kumi, na wakili wangu wa kule aliniambia kwamba bila kile kiapo wangeninyima. Ni mwaka wa pili sasa na Mama sijampigia. Namba yake iko kwenye simu yangu. Najua nikimpigia ataniuliza mwanawe anakuja lini, na ninajua jibu, maana tulikutana na mwanawe dukani nikamwambia mama yake anasema si sukari. Akaniuliza mama gani.

Wiki tatu hizi nimekuwa likizo Langas, kwa mama yangu. Watu wamenihesabia nguo wakaridhika. Burnt Forest ni mwendo wa chini ya saa moja, na sikwenda. Kesho narudi Nairobi kupanda ndege, na barabara ni ile ile moja, inapita mbele ya ndoo zake. Jana nilipokata tiketi ya basi, karani aliniuliza nataka kiti cha upande gani. Nikauliza viazi vya Burnt Forest vinauzwa upande upi, akanionyesha. Nikachukua upande wa pili.