Tarakimu Zisizovuka Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana wa shamba la ngano la serikali aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza kama chuo kikuu kilinifundisha kufungua bolti. Nilisema ndiyo, nikamuuliza kwa nini kombaini tatu za kuvunia zimeegeshwa bila magurudumu. "Binti," akasema, "hapa tunaanza na shikamoo." Nikamwamkia. Alikuwa mtu wa Nambis, mkulima kabla ya kuwa fundi. Swali langu hakulijibu, wala lile la pili: wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe kwenye uwanda ule walikwenda wapi?

Nilipangiwa mashine ya kukaushia ngano. Iliongozwa na chipu ndogo ya kumbukumbu. Ndani ya chipu hamna maneno, mna sifuri na moja tu, na kila kundi la nane huitwa baiti. Msururu huo humchosha msomaji, kwa hiyo huandikwa kwa ufupi katika kizio kingine. Kizio ni idadi ya alama unazohesabia kabla ya kuanza safu mpya. Cha sokoni ni cha kumi. Sisi tulitumia cha kumi na sita: sifuri hadi tisa, kisha A hadi F. Baiti moja huwa alama mbili.

Mwaka mmoja mvua isiyo ya msimu ilitukuta kwenye mavuno. Ngano iliingia ghalani na unyevu, ikaanza kupata joto na kunuka. Kisha radi ikaua chipu. Tulikuwa na chipu tupu moja tu, ya kuchomwa, yaani kuandikiwa, mara moja: ukiandika kosa, umeitupa. Nyingine ingetoka ng'ambo, na ngano isingesubiri.

Makao makuu Arusha walikuwa na nakala ya yaliyomo kwenye karatasi. Mkuu aliwaita redioni, wakasoma, nami nikaandika asubuhi nzima. Mashine ya kuchomea chipu ilitaka alama mbili kwa kila baiti, lakini mafungu tuliyosomewa yalikuwa ya tarakimu tatu tatu.

"Ile ya kwanza ni ya ukaguzi," Mkuu alisema. "Iache. Ingiza mbili zilizobaki."

"Nani kasema ni ya ukaguzi, mzee?"

"Nasema mimi."

"Mbona haivuki tatu? Na kurasa zote hizi hazina nane wala tisa hata moja. Saba ndiyo mwisho."

"Ngano inaoza, wewe unatafuta nane."

Fundi umeme akacheka. "Mwache, mzee. Huyu akipewa chai huuliza maji yalichemshwa na nani."

Sikubonyeza kitufe cha kuchomea. Niliomba turudi redioni, na Mkuu akasimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Mzee wa redio wa Arusha, mwanajeshi mstaafu wa mawasiliano, hakupokea swali bila salamu kamili: shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za shemeji yake wa Endasak. Ndipo nikauliza kama nakala ilikuwa na herufi.

"Ilikuwa nazo, mwanangu. Nimeziondoa. Mashamba yote yanajua, kwenye redio yangu herufi hazipiti, ni nambari tu. Vipuri viliwahi kwenda shamba lisilohusika kwa sababu ya herufi iliyosikiwa vibaya. Nimegeuza yote kuwa ya kizio cha nane, kwa mkono, na nimekagua."

"Mbona hukutuambia, mzee?"

"Ningewaambia wakati wa salamu. Mkuu wako leo kaingia na 'soma, soma'. Nikasoma."

Mkuu aliangalia dirishani.

Katika kizio cha nane tarakimu huishia saba, na baiti inahitaji tatu. Kuirudisha si kazi ngumu. Chukua 305. Kwa sifuri na moja, tatu ni 11, sifuri ni 000, tano ni 101. Ziunganishe: 11000101. Zikate nne nne: 1100 ni C, 0101 ni 5. Kwa amri ya Mkuu tungechoma 05.

Tuligawana kurasa. Mkuu alikuwa na kichwa kizuri cha hesabu, akamaliza nyingi kuliko sisi wote. Jioni aliniita kwenye mashine. "Bonyeza wewe. Ikiharibika, ni ya chuo chako."

Feni ilizunguka. Ngano ya chini ya lundo ilikuwa imeshaharibika, ikaenda kwa wafuga nguruwe wa Masakta. Iliyobaki ilikwenda kinuni.

Baadaye nilihamishiwa makao makuu, chini ya Mhandisi Mkuu aliyependa maswali mradi yasimlenge yeye. Mashamba ya serikali yalipokwisha nilifundisha mitambo hadi kustaafu. Vijana huniambia hayo ni ya kale. Nawauliza picha inasafirije ndani ya barua pepe. Hugeuzwa maandishi ya kizio cha sitini na nne: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama mbili. Kwenye teleksi, mtambo wa zamani wa kutuma maandishi, ingekufa, kwa kuwa teleksi haikutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kila njia ina alama inazozikubali, na mtumaji huandika kwa kuifuata njia.

Mengi niliyoambiwa kazini bado nayatilia shaka. Hili nimelipima mwenyewe: 305 haikuambii imeandikwa kwa kizio gani. Anayejua ni aliyeiandika, na kama ni mkubwa wako, mwamkie kwanza, kisha muulize.