Salamu Ndefu za Nasur

Katika Koboko hakukuwa na mtu aliyesifiwa kwa salamu kama Nasur, fundi cherehani wa sokoni. Akienda msikitini, alisimama karibu kila mlango, akauliza hali ya mtoto, ya mbuzi, ya shamba la kule Ludara, na akangoja jibu mpaka mwisho. Wazee waliwatolea vijana mfano wake.

"Mzee Nasur," Abdunoor muuza nyama alimtania, "kura iko lini? Wewe nasalimia watu kama nataka kiti!"

"Salamu hapana lipa kodi," Nasur alijibu, mkono wake umeshika nguzo ya kibanda, macho yake yanapima njia iliyobaki.

Kweli ni kwamba alikuwa akipumzika. Kila akitembea kidogo, nyama ya nyuma ya mguu ilimbana kama nguo inayokamuliwa, akisimama, ilimwachia. Akaifanya adabu kuwa pazia. Na ugonjwa ukitundikiwa pazia, hufanya kazi yake kwa raha.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, ile ya ukubwani. Siku ya kliniki ilipokaribia alifunga na kunywa maji matupu, akatobolewa kidole, akasifiwa. Jioni hiyohiyo chai tamu ilirudi. Aliyedanganywa hapo hakuwa muuguzi.

Kisha akakanyaga pini yake mwenyewe na wala hakuhisi. Kidonda kikakataa kupona, kidole cha mguu kikageuka rangi. Sasa alishindwa kutulia: alishona mshono mmoja, akainuka, akatazama kidole, akaketi, akainuka tena. Hawah, mkewe, alimwona, akampakia katika gari la kwenda hospitali ya Arua bila kuuliza.

Huko daktari Jenifer alimtoa damu mkononi, na majibu yakaja.

"Mzee, damu ya kidole inasema habari ya leo. Hii inasema habari ya miezi. Sukari yako imekuwa juu muda wote, na mafuta mabaya ni mengi." Akabonyeza mguu akitafuta mapigo, akahamisha vidole, akatafuta tena. "Hapa mapigo ni hafifu. Naogopa mishipa inayoleta damu mguuni inaziba. Unatembea mpaka wapi bila kusimama?"

Hawah alimtangulia kujibu. "Huyu? Mpaka msikiti, daktari, kila siku! Yeye nasimama kusalimia watu tu."

Nasur alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Angerudi kwa kanzu za harusi zilizomngoja, na heshima yake nzima. Akakitazama kidole.

"Hapana, daktari," akasema. "Mimi nasimama kwa sababu mguu nakataa. Mpaka nyumba ya jirani tu, halafu iko maumivu."

Hawah alimkazia macho. "Na mbuzi ya watu, wewe nauliza ya nini?"

"Kupata pumzi."

"Nasur! Mimi najivunia mume, kumbe najivunia mgonjwa!"

Daktari hakucheka. "Ungenificha hilo, ningekupa dawa ya kidonda na kukurudisha nyumbani, nawe ungerudi kukatwa. Sasa utalala hapa, mishipa ipigwe picha. Mguu bado una nafasi. Si kubwa."

"Kesho mimi narudi hapa," Nasur alisema, ameinuka tayari. "Bwana harusi nangoja kanzu."

Alitafuta viatu chini ya kiti, akainama, akatafuta tena. Hawah alikuwa amevitia katika mkoba wake, na mkoba ameukalia.