Gesi Mpya ya Trekta Yangu

Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini trekta nilinunua kwa jasho langu, na kuiendesha hakuna mtu alinifundisha. Kwa hiyo daktari aliponiambia kifua changu hakitaki vumbi tena, niache kulima, nilimsikiza kwa heshima tu. Sisi watu wa Kola tunalima ardhi ikiwa kavu, mbegu zingojee mvua ndani ya udongo, na vumbi lake ni kama moshi. Wanangu walitaka nimwachie dereva usukani. Nikawaambia nitafunga milango ya kebini na nitalima mimi mwenyewe.

Shida ilikuwa joto. Kiyoyozi kilikufa miaka mingi iliyopita, na gesi yake ya zamani haipatikani tena. Nikaita fundi kutoka Machakos mjini, mama mmoja wa maneno machache. Alifyonza mabaki ya gesi, akasafisha mabomba, akamwaga oili ya kale na kuweka ile inayopatana na gesi mpya, akabadilisha mipira ya kuziba viungo na chujio la unyevu. Sikumsumbua. Lakini alipoanza kupima gesi mpya kwa mizani, nikaona amefunga mtungi mapema.

"Mama, hujafika. Kibandiko cha kiwanda ndicho hiki, na namba mimi nasoma."

"Hiyo namba ni ya gesi ya zamani, mzee. Hii inawekwa kidogo."

"Debe ni debe, hata mahindi yawe ya njano."

"Haya. Trekta ni yako."

Akajaza hadi kwenye namba yangu. Nikaingia, nikafunga milango, nikawasha. Presha ikapanda, kompresa ikawa inashika na kuachia, na hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya jikoni. Nikakaa humo nikijifanya nasikia raha. Yeye aliegemea gurudumu, akinitazama kupitia kioo.

"Mzee, hiyo baridi inakutoa jasho hadi kidevuni."

Nikashuka, nikamwambia apunguze. Maneno hayo si rahisi kwangu. Akafyonza iliyozidi bila kucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Nilipopanda tena, baridi ilinishika vidole kwanza, kisha shingo.

Msimu huo nililima shamba lote. Dereva wa wanangu nilimpa mbegu apande nyuma yangu. Siku ya tatu mke wangu alileta uji, akagonga kioo. Nikamwonyesha kwa mkono angoje vumbi litulie, naye akangoja. Nilipofungua, akauliza, "Leo umekohoa?"

"Sijapata nafasi," nikamwambia, nikapokea uji.