Maua Yasiyoingizwa Ndani

Jirani yangu, bibi wa Kiairishi, alipiga ukelele mmoja tu nikadhani roho imemtoka. Ndiyo kwanza anarudi kutoka hospitali, kifua kimefunguliwa kikashonwa, na mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo nimtazame. Lahaula! Nilisimama nyuma yake na sinia la chai mkononi.

"Yatoe!" alisema. "Yatoe nje, upesi!"

Alikuwa akionyesha maua niliyomtandazia kitandani.

Ngoja nieleze. Bibi huyu tunapakana naye ukuta hapa Small Heath, mjini Birmingham, Uingereza, tangu nilipofika kutoka Unguja. Jikoni kwake pana picha aliyoichora mwenyewe: mti mmoja wa miiba, umejaa maua meupe, peke yake katikati ya shamba la kwao Ayalandi. Aliwahi kuniambia kwamba kijijini kwao mkulima hulima akauzunguka mti ule, wala haugusi, kwa kuwa una wenyewe. Hilo nililielewa bila taabu. Kwetu nako ipo miti ya mizimu, hakuna anayeikata kuni. Nikajua tu kwamba anaupenda. Basi.

Na mti wa namna hiyo umejaa kando ya reli, hatua chache kutoka kituo cha basi cha Coventry Road. Ilikuwa Mei, umechanua, mweupe pe. Kwetu mtu unayempenda akirudi nyumbani unamtandikia shuka safi ukamwagia asumini. Sasa asumini Birmingham nitaipata wapi? Nikachuma maua ya miiba mpaka vidole vikatoka damu. Mengine nikayamwaga juu ya shuka, mengine nikayafutika chini yake, upande wa kichwani. Harufu yake, kusema kweli, ilikuwa nzito kama nyama iliyolala, lakini nikasema labda ndiyo wanayoipenda wao.

Nililitua sinia nje ya mlango, nikayazoa yale ya juu kwa mikono miwili, nikayatupa uani, nikarudi mbio. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Maua hayo hayaingizwi ndani," alisema. "Yakiingia, nyumba inatoa maiti."

Akanisimulia. Alipokuwa mtoto mama yake aliumwa, naye kwa kumpenda akamchumia maua yaleyale, akayaweka kando ya mto. Wiki haikwisha, mama akafa. Bibi yake mzaa mama akamgeukia mbele ya waliokuja kuzika: "Wewe ndiye uliyemuua."

"Mtoto mdogo vile? Ukaambiwa hivyo mbele ya watu?" Nilipandwa na hasira, wallahi, na aliyeyasema alishakufa zamani.

"Ndiyo maana ninauchora," alisema. "Nikiuchora, unabaki shambani."

Nilimwambia roho za watu ziko kwa Mungu, haziko kwa maua. Nikamlaza, nikampa dawa zake za maumivu, nikaenda zangu kwa kujiamini.

Alfajiri, nakunja mswala, ndipo nikakumbuka yale niliyoyafutika chini ya shuka. Uwi! Maneno yangu mazuri ya jana yote yalinikimbia. Nilitoka na kanga, kiatu mguu mmoja, nikafungua mlango wake. Nyumba kimya. Nilipanda ngazi huku nasema, mwanamke mimi, nimeua mtu.

Alikuwa ameegemea mto, macho wazi.

"Mbona unahema hivyo?" aliniuliza. "Ile chai ya jana hukuniletea."

Ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo wangu mimi haujui kufungwa. Nilimwomba asogee, nikainua shuka. Maua yalikuwa pale, yamepondeka, yamekuwa rangi ya kahawia, umbo la kichwa chake limelala juu yake. Nikafumba macho, nangoja ukelele mwingine.

Haukuja.

"Usiku kucha?" aliuliza.

"Usiku kucha, bibi. Nisamehe."

Aliyagusa kwa kidole. Akajishika kifua chenye mshono, kisha shavu, kama mtu anayehakikisha kwamba yupo. Halafu midomo ikaanza kumcheza.

"Basi sikumuua," alisema. "Sikumuua mama."

Loo! Mtu mzima na mvi zake, analia kama mtoto aliyefunguliwa mlango akaambiwa haya, nenda kacheze. Nikanyoosha mkono niyazoe yale maua niyatupe. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Yaache," alisema. "Hebu lete chai."